Siku Moja Katika Mji wa Mawe

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni, kwenye meza za nguo kuukuu zinazotoka Ulaya, nikitafuta sketi ya kuvaa siku nitakapoitwa kazini. Bado sijaitwa, na nikiwaza sana, jambo ambalo ndiyo kazi yangu kwa sasa, naona huenda nisiitwe kamwe. Mvua ikashuka ghafla. Muuzaji alitupa turubai juu ya meza, lakini koti moja refu la kijivu lilibaki nje, limening'inia kwenye msumari, likaloa. Nilipopita karibu nalo miguu ilikataa kuendelea. Ilikuwa harufu ya sufu iliyoloa, harufu ya kondoo na moshi na kitu kingine kisicho cha kwetu.

"Dada, ile iko ya baridi ya kwabo," muuzaji akaniambia. "Lakini nitakupunguzia."

Nilimshukuru nikaondoka bila sketi. Njia nzima nilijiuliza kama alinidhania mwendawazimu, na kama watu wa meza ya pili walinidhania hivyo pia. Lakini chini ya mawazo hayo madogo kulikuwa na lingine kubwa, ambalo nimelikwepa tangu nilipoanza kusoma vitabu na kujifunza kwamba kila jambo lina sababu yake.

Ninyi wa umri wangu, mliokulia kwenye vilima vile vya Kongo, juu ya Ngungu, mnakumbuka tulivyolelewa na habari za nusu nusu. Mtoto akiingia jikoni, sauti zinashuka. Akitoka, zinapanda. Kwa hiyo kila mmoja wetu alijifunza kujaza nusu iliyobaki kwa akili yake mwenyewe, na mimi nilikuwa fundi wa kujaza.

Baba yangu alikuwa seremala wa misioni. Padri mzee mwenye ndevu, yule aliyembatiza, alipougua na kurudishwa kwao, aliomba baba apelekwe huko ajifunze mashine kubwa ya kupasua mbao. Baba akaenda. Mwanzoni barua zilikuja, na katekista alitusomea akiwa amesimama, kama anasoma Injili. Kisha vita vikaingia kati yetu na dunia. Malori yakaacha kupanda, barua zikakatika. Siku moja mtu aliyetoka Bukavu akasema katika soko la Ngungu kwamba kuna ndege imeanguka na ndani yake walikuwamo watu wa Kongo. Hakusema nani. Habari ilipotufikia jioni, tayari ilikuwa na jina la baba.

Mwili haukuwepo. Koko yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa mzaliwa wa msituni, upande wa Walikale, na alijua cha kufanya mtu anapofia mbali. Waliangusha mgomba wenye urefu wa baba, wakauvika shati lake la harusi, wakauviringisha katika mkeka wake na kuuzika nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba la maharage. Tulinyolewa vichwa. Katekista aliomba. Nilitupa udongo wangu nikijua kwamba ule ni mgomba na nikijua vilevile kwamba ule ni baba, na mambo hayo mawili hayakugombana kichwani mwangu.

Ila waliong'oa mgomba ule walikosea jambo moja. Walitaka kuukata juu ya ardhi, kama inavyofanywa, lakini koko alilia kwamba mwanawe hawezi kuzikwa nusu, na kwa kumhurumia wakauchimba pamoja na tunguu lake la chini ya udongo. Mvua zilipokuja, kaburi likachipua. Kwanza jani moja lililojikunja kama barua, kisha mengine. Msimu wa pili chipukizi lilikuwa limenipita urefu. Hakuna aliyethubutu kulikata, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Mama alipalilia maharage kulizunguka bila kuinua macho.

Baada ya mavuno yale mama angekuwa mke wa baba mdogo. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alinibeba mabegani nikiwa mdogo, alitupasulia kuni tangu tulipobaki wenyewe. Alikuwa ameshaleta kiti chake kwenye baraza yetu. Kila jioni alikikalia, kimya, akimsubiri mama azoee kukiona hapo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile Mama Zawadi, muuza samaki wa Shasha, kule ziwani, alipopanda kilima kwetu akihema, kikapu kichwani, samaki wote bado wamo. Alikuwa amepita soko bila kusimama.

"Mama Sifa," alimwambia mama, "ikala chini kwanza."

"Nitaikala namna gani, niko na moto ku jiko?"

"Achana na moto. Jana magaribi mutumbwi ilitoka Bweremana. Kumeshuka mutu moja. Iko na sura ya bwana yako."

Mama hakukaa. Aliendelea kukoroga sufuria, lakini mwiko ulikuwa unazunguka hewani.

"Batu banafanana," akasema mwishowe.

"Banafanana, eee. Lakini batu benye kufanana habatembeake sawasawa. Huyu anatembea kama anapima ubao." Mama Zawadi akashusha sauti, halafu akaniona, akaishusha zaidi. "Nilimuita, akageuka. Mi nilikimbia. Sikugeuka hata kuokota ndala yangu."

Mtu huyo alifika mchana, katika mvua. Nilimwona kutoka mlangoni, mtu mrefu mwenye koti la kijivu lililofika chini ya magoti, akipanda polepole na kusimama kila mara kutazama. Alitazama shamba la jirani. Alitazama ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alitazama paa letu jipya la nyasi, na akatikisa kichwa kwa kulisifu. Nami nikawaza, kwa nini anatazama hivyo? Mtu aliyerudi kwake hatazami. Anaingia.

Koko alikuwa ameshalaza mchi wa kutwangia kwenye kizingiti.

"Mama," akasema mtu yule, na sauti ilikuwa ya baba. "Njo mimi."

"Njo wewe nani? Usiseme jina! Baki palepale."

"Mama, niko naloa."

"Ule tulizikaka analoa pia."

Akacheka, akidhani ni utani. Kisha akafuata macho ya koko hadi mwisho wa shamba, akaliona chipukizi na udongo ulioinuka chini yake, akaacha kucheka. Baba mdogo alitoka nyuma ya nyumba na panga mkononi, kwa kuwa alikuwa akikata majani ya ng'ombe, akasimama. Ndugu hao wawili walitazamana. Nakumbuka baba mdogo alianza kutabasamu, kweli, uso wote ulifunguka. Kisha tabasamu likarudi ndani lilikotoka.

Yeye ndiye aliyemtuma mtu kumwita Mjomba Kubuya. Huyu alikuwa kaka yake koko, mwindaji wa Walikale aliyekuja wiki ile na nyama kavu ya kubadilishana na maharage. Alikuwa mfupi, mchangamfu, mwenye meno machache na mbwa mmoja aliyevaa kengele ya mti shingoni. Nilimpenda kwa sababu aliwatania watu wazima mbele yetu watoto. Siku ile hakumtania mtu. Alimtazama baba, akamwachia mbwa. Mbwa alimzunguka baba, akanusa pindo la koti, akalala chini, kidevu juu ya miguu yake ya mbele, bila kubweka.

"Anamujua," akasema Mama Zawadi, ambaye hakuwa ameondoka.

"Ao anamuogopa," akasema koko.

"Imbwa yangu haiogopake kitu yenye kupumua," akasema Mjomba Kubuya, na hakuna aliyejua kama hilo lilikuwa jibu zuri au baya.

Walimkalisha baba uani juu ya kinu kilichopinduliwa. Watu wa kilima walianza kukusanyika. Hakuna aliyemkaribia, hakuna aliyempa chakula mkononi, hakuna aliyetamka jina lake. Katekista alifika, akasimama mbali. Alikuwa ameomba yeye mwenyewe juu ya kaburi lile, na sasa hakujua maombi hayo ayapeleke kwa nani. Mjomba Kubuya akaeleza jinsi itakavyokuwa. Kama ni mtu, ataondoa mchi mlangoni na kuingia kwake. Kama siye, atasindikizwa kwa heshima mpaka ukingo wa msitu wa Walikale, atapewa jogoo na moto, na hatageuka, nasi hatutamwita tena.

"Unasema ulikuwa Bulaya," akamwambia baba. "Batu bengi banaweza kusema vile. Tuambie siku moja ya kule. Moja tu, asubui mpaka magaribi. Mwaka muzima mutu anaweza kuongopa. Siku moja, hapana. Siku moja iko na mambo mengi."

Hapo ndipo kwenye fundo lenyewe, na nimelifikiria hadi kichwa kuuma. Baba alikuwa na mamia ya siku za kuchagua. Alikaa Ulaya kijijini, kwenye mashine ya mbao, akala makaripio, akatoka jasho, akakatwa na msumeno kidole cha kati. Kovu lilikuwepo na tungeweza kuliona. Angesimulia siku ile ya damu, kila mtu angejua papo hapo kwamba yu hai, maana maiti hatoki damu. Lakini alikuwa mtu wa kwetu. Mtu wa kwetu akirudi kutoka mbali, halafu akaombwa asimulie, hawezi kuwapa watu wake siku ya jasho na kidole kilichokatwa. Anawapa iliyo nzuri, kama vile anavyompa mgeni kiti kizima na kubakiwa na kile kibovu. Nilimwona uso wake ukichangamka.

"Bo," akasema. "Nitabaambia siku yenye ilikuwa muzuri kuliko zote. Padri mzee wa ndevu alikuya kunichukua asubui. Akasema, mwanangu, hauwezi kurudia kwenu bila kuona muji wa zamani. Leo hakuna kazi. Leo tunatembea tu."

Ua wote ulinyamaza. Baba alidhani wanasikiliza kwa raha, akaendelea. Hakujua tulilokuwa tunajua sisi sote, hata mimi. Miezi kadhaa kabla, misioni ilikuwa imetangaza kifo cha padri yule, nasi tulipiga magoti katika misa yake. Leo ninaweza kuzipanga siku vizuri. Padri alimtembeza baba, kisha padri akafa. Baba naye alikuwa amekwama njiani kwa miezi kwa sababu ya barabara kufungwa, hivyo habari ya kifo ilimtangulia. Ni rahisi hivyo. Lakini uani pale hakuna aliyekuwa akipanga siku. Walisikia tu kwamba aliyekufa alikuja asubuhi kumchukua.

"Kutembea tu?" baba mdogo akauliza taratibu. "Siku muzima? Kutafuta nini?"

"Kuangalia. Vitu vya zamani."

"Vya benye balikufa," akasema koko.

"Eee, mama. Benye balivijenga balikufa zamani sana."

"Kama ni kuangalia vya zamani," Mama Zawadi akasema, "bangekuya tu kuangalia kikwembe yangu hii ya kiunoni." Wachache walicheka, naye akacheka zaidi yao, kwa woga.

"Muji wote ni mawe," baba akaendelea. "Nyumba mawe, njia mawe. Hakuna udongo hata wa kupanda kitunguu. Na ilikuwa wakati wao wa baridi. Miti yote inakufa, lakini haianguke, inasimama ku mistari. Jua unaiona, lakini haikuchome. Na ukifungua kinywa, moshi inatoka."

"Moshi ya nini?" akauliza Mjomba Kubuya.

"Ya pumzi. Pumzi yako unaiona inaenda."

Koko aliziba mdomo wake kwa kitambaa.

Baba akatuambia juu ya maji. Sisi tunajua maji yanayokimbia. Kwetu mto unasikika kabla ya kuonekana. Huko, alisema, maji hupita katikati ya mji badala ya njia, na hayaendi. Yamesimama, meusi, na nyumba zimesimama ndani yake hadi magotini. Waliingia katika mtumbwi, na mwenye mtumbwi hakuongea nao. Madaraja yalikuwa chini sana hata waliinamisha vichwa kila walipopita. Juu ya maji kulikuwa na ndege wakubwa weupe, wenye shingo ndefu kama mkono wa mtu, na hawakutoa sauti. Alinyoosha mkono wake mwenyewe kutuonyesha shingo ile, ukiwa ndani ya mkono wa koti la kijivu, na watoto wote tukarudi nyuma.

"Kisha tukaingia ku kanisa kubwa. Ndani mule kuko bwana na bibi, bote mawe, banalala juu ya kaburi yao. Si ndani. Juu. Macho wazi, mikono hivi." Akaunganisha viganja. "Fundi aliyebachonga alikuwa na mukono ya ajabu, mi nilitaka kulia. Unaona hata mushipa. Na ku miguu yao imbwa inalala."

"Imbwa?" akasema Mjomba Kubuya.

"Ya jiwe pia. Kidevu juu ya miguu yake."

Mjomba Kubuya alimtazama mbwa wake, aliyekuwa bado amelala hivyohivyo mbele ya baba, akamvuta kwa kamba hadi kengele ikagonga.

Nadhani hapo ndipo baba alipoanza kuona kwamba kuna kitu kinaharibika, lakini hakujua ni kipi, naye akafanya kile ambacho mimi hufanya hadi leo nikihisi nimekosea mbele za watu. Aliongeza maneno. Alieleza juu ya mnara wenye kengele zinazolia zenyewe bila mtu kuvuta kamba, akajaribu kufafanua kwa mikono kwamba ndani kuna gurudumu lenye meno, ni ufundi tu, ni kama saa. Nani aliyesikia gurudumu? Walisikia kengele zinazolia zenyewe. Akaeleza juu ya ua wa nyumba nyeupe, wanamokaa wanawake wenye nguo nyeusi, na padri akaweka kidole mdomoni akamwambia, hapa hatusemi.

"Batoto je?" koko akauliza ghafla. "Mu ule muji kulikuwa batoto?"

Baba akafikiri. Alikuwa mkweli, huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. "Sikuona batoto."

Leo ningemnong'oneza, walikuwa shuleni, baba, waambie walikuwa shuleni.

"Ukipita batu, banakusalimia?" akauliza Mjomba Kubuya.

"Kule batu habasalimiane. Banakuangalia. Ao habakuangalie, banapita tu."

"Ulikula nini?"

"Viazi. Ya kukaanga."

"Ya chumvi?"

"Ya chumvi, mjomba! Chumvi mingi!"

Pumzi ikarudi uani. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba wafu hawaonji chumvi. Mama Zawadi alipiga makofi, "Munaona? Munaona?" Hata baba mdogo alishusha mabega. Kwa muda mfupi baba alikuwa amerudi, niliona kabisa, alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni.

"Nani alikukaribisha ku meza?" Mjomba Kubuya akauliza.

"Hakuna meza. Unanunua, banakuwekea ndani ya karatasi, unakula ukisimama ku njia."

"Na padri?"

"Padri hakukula. Alikuwa anasema tumbo yake haitake kitu tena."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kwa pembeni, la manjano, lile linalokuja kabla ya ukungu kupanda kutoka ziwani. Baba akamalizia haraka, kama mtu anayefunga mzigo huku lori linaondoka. Jua la huko lilishuka mbiombio, alisema, mchana ulikuwa mfupi kama kitambaa cha maskini. Taa ziliwaka ndani ya maji.

"Padri akasema, basi mwanangu, siku yako imeisha. Turudie. Siku ilikuwa moja tu, magaribi lazima kurudia. Alinisindikiza mpaka ku treni. Nilipoangalia nyuma alikuwa anasimama palepale."

Sasa niseme nilichoelewa mimi, mtoto, kutokana na maneno yale. Nilielewa kwamba hiyo ndiyo sheria. Aliye hai akienda mji wa wafu hupewa siku moja ya kutembea na kutazama, na jioni lazima arudi. Basi aliyekufa akija mji wa walio hai naye hupewa siku moja. Ndiyo maana alipanda kilima akisimama na kutazama. Ndiyo maana alisifu paa. Alikuwa ametembezwa kwetu. Na jua lilikuwa linashuka.

Sikumwogopa tena. Niliogopa jua. Nilipita kati ya miguu ya watu, nikaenda nikakaa chini nyuma yake, juu ya pindo la koti lililoloa, kwa uzito wangu wote, ili asiweze kusimama. Harufu ile ikanijaa. Baba alihisi, akageuza shingo, akaniona. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyesafiri mno. Koko alinifikia, akaninyanyua kwa mkono mmoja, akanirudisha alikokuwa mama.

"Papa," baba mdogo akamwambia kaka yake, na alitumia neno hilo la heshima kana kwamba anazungumza na mgeni, "padri alikufa. Tulisoma misa yake mbele ya kupanda mahindi."

Baba akamgeukia katekista, naye akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa anakohoa," akasema. "Siku ile alikuwa anakohoa sana." Na akainama, na mabega yakatikisika. Mtu yeyote angeona kwamba analia kwa ajili ya mzee aliyempenda. Lakini kulikuwa na mtu nyuma yangu aliyenong'ona, "Sasa anakumbuka," kana kwamba baba amekumbushwa yeye mwenyewe ni nani.

Mjomba Kubuya akauliza swali la mwisho. Hakuuliza kwa ukali. Alichuchumaa mbele yake, karibu kuliko mtu yeyote aliyethubutu siku ile.

"Mutoto wa dada yangu. Mu ule muji, siku muzima, kuko mutu hata moja alikuitaka jina?"

Nilimwomba moyoni aseme ndiyo. Kila mtu pale, nadhani, hata baba mdogo aliyekuwa amesimama karibu na kiti chake, alimwomba aseme ndiyo. Ilikuwa neno moja tu.

"Padri alikuwa ananiita mwanangu," baba akasema. "Jina, hapana. Hakuna."

Mjomba Kubuya akasimama na kupangusa magoti. "Basi," akasema. "Mulete jogoo."

"Tutakusindikiza vizuri, kaka," baba mdogo akasema. "Hautaenda peke yako mpaka kule."

Jambo la kutisha ni kwamba baba alisimama. Hakubisha. Nimemaliza chuo, nimesoma juu ya jinsi wengi wanavyoweza kumfanya mmoja aamini chochote, lakini sijasoma popote maelezo ya namna alivyosimama, akafunga vifungo vya koti, mtiifu, kama mtu aliyeambiwa na mwenyeji wake kwamba kumekuchwa. Watu walifungua njia. Upande mmoja kulikuwa na mlango wetu na mchi umelala kizingitini. Upande wa pili njia ikiteremka, na ukungu ulikuwa tayari umeshafunika mashamba ya chini.

Mama hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Mke wa kwetu halitamki jina la mume wake. Humwita Papa wa mtoto wao, na hata akiulizwa na katekista atamwomba jirani aseme kwa niaba yake. Kulitamka ni kumvua nguo mbele ya watu, na mama mkwe akilisikia ana haki ya kukurudisha kwenu. Sikuwahi kusikia jina la baba kinywani mwa mama. Sikujua hata kama analijua.

Alinisogeza pembeni, akatoka barazani, mikono ina masizi hadi viwikoni. Aliita kama tunavyoitana kutoka kilima hadi kilima, kichwa nyuma, kwa kifua chote.

"Ndoole!"

Koko alipiga ukelele kama aliyeunguzwa. Mjomba Kubuya aliinua mkono na kunyamazisha kila mtu, maana sasa jina lilikuwa limeitwa, na hakuna awezaye kuzuia lililokwisha kuitwa. Kilichobaki ni jibu.

Baba hakujibu. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Nilisikia matone yakianguka kutoka kwenye nyasi za paa.

"Ndoole!" mama akaita tena, na sasa ilikuwa ni hasira, hasira ya kawaida kabisa ya mwanamke ambaye amengoja. "Ni weye ninaita! Uko ao hauko?"

Aligeuka. Lakini hakugeuka upande wetu kwanza. Aligeukia njia, kule ukungu ulikokuwa unapanda, akatazama chini kwa makini, jinsi mtu anavyotazama akisikia jina lake mahali penye wengi na hana hakika kama ni yeye anayeitwa. Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba sisi wote tulitazama huko pia. Hakukuwa na mtu.

Kisha akamtazama mama.

"Niko," akasema.

"Basi ingia. Bugali inapola."

Akainama, akaondoa mchi, akauegemeza ukutani taratibu kama fundi anavyoweka chombo chake, akaingia. Mama akaingia nyuma yake. Baba mdogo alichukua kiti chake, akaenda nacho kwake bila kuaga. Mimi nilibaki barazani, nikiitazama njia hadi sikuweza tena kuiona, kwa sababu nilihesabu kwamba mama ameita mara mbili, na baba amejibu mara moja, na huenda aliyeitwa mara ya kwanza bado alikuwa njiani.